Volyumu moja, sistimu nne: kutafuta kosa kwenye diski za meinifremu zinazotumika pamoja

Kabla hujagusa kitu naomba uelewe hivi: diski ikiwa inatumika na sistimu zaidi ya moja, sistimu inayolia mara nyingi siyo yenye kosa. Inayolia ni ile inayosubiri. Mwenye kosa yuko upande wa pili kimyaaa, anafanya kazi yake vizuri tu, konsoli yake haina hata meseji moja. Nimepoteza usiku mwingi kwa kusahau hilo, unaanza kukanseli jobu za watu huku, unaita fundi wa storeji aje na begi lake, kumbe shida imelala kwenye LPAR (sistimu iliyopewa kipande chake cha mashine) ambayo hukuifikiria kabisa.

Hapa naongelea z/OS, sistimu ya uendeshaji ya meinifremu za IBM, LPAR mbili tatu nne zimechomekwa kwenye kabati moja la storeji, liwe DS8000, la Hitachi au PowerMax haijalishi, na zote zinaona volyumu (diski) zilezile za 3390, aina ya diski ya IBM. 3390 ya kweli hakuna tena siku hizi, IBM waliizindua 1989 na ndani ya kabati sasa hivi ni flashi tupu, ila z/OS bado inahesabu kizamani kwa silinda na traki. Traki 15 kwa silinda, traki moja baiti 56,664. Model 3 ni silinda 3,339, model 9 ni 10,017, model 27 ni 32,760. Hizo namba tutazirudia huko chini.

Mifano yangu yote itatumia SYSA, SYSB na SYSC ambazo ziko kwenye sispleksi moja, yaani kundi la sistimu zinazofanya kazi kama moja, halafu SYST ya majaribio ambayo haimo kwenye sispleksi lakini diski inaziona. Hiyo SYST ikumbuke.

DALILI: kila kinachogusa volyumu kimeganda, na konsoli inarudia IOS071I

Zamu ya usiku, opereta ananipigia, "Kaka, SYSA imeganda, watu wa benki wanashindwa kuingia TSO." TSO ndo mlango wa watumiaji. Nafungua konsoli nakuta hii inajirudia:

IOS071I 8A10,**,*MASTER*, START PENDING

Yaani I/O, ombi la kusoma au kuandika, limetumwa na diski (8A10 ni anwani yake) haijalianza. Mimi kwa haraka zangu nikaona aa, hii ni njia ya chaneli imekatika. Nikapiga D M=DEV(8A10), njia zote ziko sawa. DS P,8A10, safi. Nikakanseli jobu mbili kubwa zilizokuwa kwenye ile volyumu, hazikufa, maana jobu inayosubiri diski huwezi kuiua kirahisi, inasubiri I/O yake irudi. Dakika arobaini zimekwisha. Ndo nikapanda juu kwenye logi nikaona meseji nyingine nimeiruka mara kumi nzima: IOS431I. Hii ndo yenye jibu, inakwambia kifaa kimeshikwa na nani, namba ya CPU na namba ya LPAR, na ukibahatika jina la sistimu. Yangu ilikuwa na namba ya LPAR tu, jina hamna. Namba ikasema SYST. Jamaa wa majaribio alianzisha bekapu ya volyumu nzima kwa ADRDSSU, programu ya kukopi na kudampu diski, akaenda kunywa chai.

Sasa kwa nini bekapu ya mtu mmoja igandishe wote? Kwa sababu ya RESERVE. Zamani hizo, sistimu ikitaka kubadilisha kitu kwenye diski ya pamoja, kwa mfano VTOC (daftari la vilivyomo kwenye volyumu) au katalogi (orodha inayosema faili lipo volyumu gani), inaiambia diski yenyewe "nimekushika", na kuanzia hapo sistimu nyingine yoyote ikituma I/O inaambiwa ngoja. Siyo dataseti (faili) moja inayofungwa bali volyumu nzima, hata kama wewe unataka faili lingine kabisa ambalo halihusiani. Kwa kawaida rizevu inadumu chini ya sekunde, huioni. Ila ADRDSSU ikidampu volyumu nzima inashikilia SYSVTOC, kufuli la VTOC, mpaka imalize, na DEFRAG, ile ya kukusanya nafasi zilizotawanyika, nayo ina tabia hiyohiyo.

Kwa hiyo mpangilio wangu siku hizi uko hivi. Naisoma kwanza IOS431I, halafu naiuliza GRS, msimamizi wa makufuli wa z/OS, kwa kupiga

D GRS,DEV=8A10
D GRS,C

Ya kwanza inaonyesha nani ana rizevu kwenye kifaa hicho, ya pili inaonyesha mivutano yote. Zikikupa jina la jobu na sistimu, kazi imekwisha, nenda kwenye sistimu ile uongee na mwenye jobu. Lakini angalia hapa watu wengi wanapoteleza: GRS inaona sistimu zilizo ndani ya GRS yenu tu. Ukipata "hamna mvutano" na huku IOS071I inaendelea kulia, usiseme diski imekufa. Hiyo maana yake mshikaji yuko nje, kwenye sistimu ambayo GRS yenu haiijui. Hapo rudi kwenye namba ya LPAR, fungua HMC, konsoli ya kuendeshea mashine yenyewe, tafuta hiyo LPAR ni ipi, ingia kwenye konsoli yake upige D GRS,DEV=8A10 kutokea huko.

Na tafadhali usipige V 8A10,OFFLINE,FORCE kwa hasira. Hiyo inaifungia volyumu kwenye boksi, I/O zote zilizokuwa njiani zinarudi na kosa, na kama sistimu yako ndo ilikuwa na rizevu katikati ya kuandika VTOC basi umeiachia ikiwa nusu. Nimeona mtu amefanya hivyo kwenye volyumu yenye katalogi, sitaki hata kusimulia.

Dawa ya kudumu ni kuigeuza rizevu iwe ENQ ya kawaida inayopita kwenye GRS, yaani kufuli linakuwa la jina na siyo la chuma, kwa hiyo anayetaka kitu kingine kwenye volyumu ileile anapita bila shida. Unaandika kwenye GRSRNLxx, faili la lista za GRS:

RNLDEF RNL(CON) TYPE(GENERIC) QNAME(SYSVTOC)

halafu SET GRSRNL=xx, na D GRS,RNL=CON kuhakikisha. Lista lazima ziwe sawa kwenye sistimu zote za GRS. Tena sharti kubwa kuliko yote: geuza tu kama KILA sistimu inayoandika kwenye volyumu hiyo iko kwenye GRS moja. Ukigeuza na SYST bado inaandika kutoka nje, kufuli la jina SYST hailioni, la chuma umeliondoa, kwa hiyo wote wawili wanaandika VTOC kwa wakati mmoja wakidhani wako peke yao. Hutaona meseji yoyote siku hiyo, utaona wiki ijayo. Sisi tulichofanya ni kuitoa SYST kwenye volyumu za prodakshen kabisa, ikabaki na diski zake na volyumu mbili tu za kupitishia vitu, na hizo mbili tukaziacha na rizevu ya chuma kwa kuziandika kwenye lista ya EXCL.

Kitu kingine kwenye dalili hii: ukikuta logoni za TSO zimegoma sistimu zote kwa mpigo, cheki database ya RACF, mlinzi wa nywila na ruhusa, iko volyumu gani. Kama iko pamoja na chekpoint (kumbukumbu ya foleni) ya JES2, inayopanga jobu, au katalogi kubwa, rizevu moja inaziua zote. Kila moja ipe nyumba yake. Na kapo dataseti za XCF, zile sispleksi inazoandikia hali ya sistimu zake, zisiwe kamwe kwenye volyumu ambayo kuna mtu anaiwekea rizevu, hapo unacheza na sispleksi nzima.

DALILI: sistimu mbili zimegandana, kila moja inamsubiri mwenzake

Hii ni ndugu wa ile ya juu. SYSA ameshika rizevu ya PROD01 anataka PROD02, SYSB ameshika PROD02 anataka PROD01. Hakuna atakayeachia. Utaona IOS071I za vifaa viwili kwa wakati mmoja, moja kila upande. Piga D GRS,ANALYZE,BLOCKER upate majina ya wanaozuia, chagua mmoja ambaye jobu yake inaweza kurudiwa, mkanseli. Mara nyingi akiachia mmoja tu inatosha, vilivyobaki vinafunguka vyenyewe kama foleni ya daladala askari akiruhusu. Na sababu yake ni ileile, rizevu ambazo hamjazigeuza.

DALILI: sistimu moja imekufa na nyingine zote zinaisubiri

SYSB imekata, konsoli ya SYSA inakuuliza IXC102A, inataka ujibu DOWN. Watu wamezoea kujibu maswali ya konsoli harakaharaka ili kelele ziishe, na hili ndo swali ambalo ukilijibu vibaya linaharibu data.

Ukijibu DOWN unaiambia sispleksi "nimeshaiua SYSB kabisa, gaweni mali zake". Wengine wanachukua makufuli yake na kuanza kuandika. Sasa kama hujafanya sistimu riseti kwenye HMC, SYSB inaweza kuwa haijafa, imezimia tu, na ikizinduka baada ya dakika moja inamalizia kuandika ile I/O iliyokuwa nayo mkononi, juu ya data ambayo SYSA ameshaibadilisha. Kwa hiyo HMC kwanza, riseti hiyo LPAR, uione imerisetiwa kweli kwa macho yako, ndo ujibu DOWN. Riseti hiyohiyo ndo inayoachia rizevu za chuma alizokuwa nazo marehemu, ndo maana ukichelewa IOS071I zinaendelea kulia kwa wengine. Kama mna sera ya SFM (inayoamua sistimu iliyokufa ifanyweje) iliyowekwa vizuri swali hili mara nyingi halitokei kabisa, sistimu inatengwa yenyewe.

Karibu na hapo kuna $HASP263, JES2 inasubiri volyumu ya chekpoint na inakutajia memba (sistimu) aliyeshika kufuli. Kama memba huyo amekufa kweli na amerisetiwa, $E CKPTLOCK,HELDBY= na jina lake. Kama yuko hai, acha. Ukimnyang'anya kufuli akiwa hai unaharibu foleni ya jobu zote.

DALILI: nafasi ipo, naiona kwa macho, lakini jobu inasema hamna

Tutenganishe kwanza. Abendi za x37 ni jobu iliyoanza kuandika ikaishiwa njiani: D37 umejaza sehemu ya kwanza na hukuomba ya ziada, B37 umemaliza ekstenti (vipande) zako 16 kwenye volyumu au volyumu haina pa kukata tena, E37 utaiona sana kwenye PDS (laibrari yenye memba ndani). Hizo rekebisha SPACE kwenye JCL (maelezo ya jobu), maisha yaendelee.

Ngumu ni ile inayokataliwa kabla haijaanza, IGD17272I na wenzake, na wewe ukiangalia kundi la storeji unaona gigabaiti na gigabaiti. Hapa kuna visa vya aina nne nimevikuta.

Kisa cha kwanza, jobu inapita SYSA inagoma SYSB. JCL ileile, mtu yuleyule. Piga hii ya SMS, sehemu ya z/OS inayochagua volyumu,

D SMS,SG(SGPROD),LISTVOL

uangalie alama chini ya kila sistimu. Plasi ni wazi, minasi imefungwa, D imefungwa kwa dataseti mpya tu, nyota na Q ni zile zilizotulizwa. Utakuta volyumu nusu zina D upande wa SYSB kwa sababu kuna mtu miezi miwili iliyopita alikuwa anahamisha data akazifunga kwa V SMS, akahama kazi, hakufungua. V SMS,VOL(PROD07,ALL),ENABLE na imekwisha. Au volyumu yenyewe iko ofulaini SYSB, D U,VOL=PROD07 itakwambia. Na kama mabadiliko unayofanya upande mmoja hayaonekani kabisa upande mwingine, hebu cheki COMMDS na ACDS, faili za SMS za mawasiliano na mipangilio, ziko wapi, lazima zikae kwenye volyumu ambazo sistimu zote zinaziona, nimekuta moja iko kwenye diski ya SYSA peke yake.

Kisa cha pili, vipande. Volyumu ina silinda 900 wazi lakini zimetawanyika, kipande kikubwa kuliko vyote ni silinda 12. Sehemu ya kwanza ya dataseti inaruhusiwa kukatwa vipande visivyozidi 5, kwa hiyo hapo kikubwa utakachopata ni silinda 60. Ukiomba 200 hupati hata kama jumla ipo. ISPF 3.4 (skrini ya TSO ya kuorodhesha dataseti) weka V na jina la volyumu, inakuonyesha jumla ya nafasi na kipande kikubwa zaidi. Dawa ni DEFRAG, lakini kumbuka nilichosema kuhusu DEFRAG na rizevu, siyo saa nne asubuhi tafadhali.

Kisa cha tatu ndo ninachokipenda maana kinawachanganya hata wakubwa: VTOC imejaa. Kila dataseti inahitaji rekodi yake kwenye VTOC, rekodi inaitwa DSCB, na traki moja ya 3390 inabeba 50. Mtu alitengeneza volyumu ya model 27 akaipa VTOC ya silinda moja tu, traki 15, mara 50 ni 750. Sasa wakaiwekea dataseti za traki mojamoja za watengeneza programu. Zikifika kama 750 basi, silinda zaidi ya 32,000 ziko tupu na hakuna kinachoingia, maana daftari la majina limejaa. Kwenye skrini ileile ya 3.4 kuna hesabu ya DSCB zilizobaki, ukiona sifuri ushapata jibu. ICKDSF, programu ya kuandaa diski, inaweza kuiongeza:

REFORMAT UNIT(8A10) VERIFY(PROD01) EXTVTOC(60)

ila EXTVTOC inataka nafasi wazi iliyoshikana na VTOC hapo ilipo, kama kuna dataseti imekaa jirani basi ihamishe au tumia NEWVTOC iwekwe pengine.

Kisa cha nne kifupi: volyumu ni EAV, ile inayopita silinda 65,520, na nafasi iliyobaki yote iko juu ya mstari huo. Huko juu nafasi inatolewa kwa mafungu ya silinda 21 na dataseti lazima iwe inaruhusiwa kwa EATTR. Kama siyo, inaona paa tu, haipandi ghorofani.

DALILI: SYSA anaona volyumu ni kubwa, SYSB anaiona ndogo

Mmeikuza volyumu kutoka model 9 kwenda model 27 bila kuihamisha data, kabati linaruhusu hilo, mkiondoa kwanza FlashCopy (kopi ya papo hapo inayofanywa na kabati) na kopi nyinginezo. SYSA inasoma 32,760, SYSB bado 10,017. Hakuna kilichoharibika. Kila sistimu ina kumbukumbu yake ya kifaa kwenye UCB, inajua VTOC iko wapi na volyumu ina ukubwa gani, na SYSB hajaambiwa. Ndivyo inavyokuwa pia ukihamisha VTOC, na hiyo ni mbaya zaidi maana SYSB anaenda kusoma VTOC pale ilipokuwa zamani.

RO *ALL,V 8A10,ONLINE,UNCOND

Inasoma upya kila mahali. Halafu washa REFUCB kwenye DEVSUPxx ili lifanyike lenyewe siku nyingine, kwa sasa hivi unaweza kupiga F DEVMAN,ENABLE(REFUCB). Na kama volyumu imekua kwenye kabati ila nafasi mpya haionekani popote hata SYSA, basi VTOC yenyewe haijaambiwa, ni REFORMAT yenye REFVTOC. Amri ya RO *ALL haifiki SYST, huko ingia kwa mguu.

DALILI: data imerudi nyuma miezi mitatu

Hii nilipoiona mara ya kwanza nilihisi kizunguzungu. SYSC ilifanyiwa IPL (kuwashwa upya) jumapili, jumatatu mtu wa SYSC anasema ripoti zake ni za zamani, wa SYSA anasema zake ni za leo, wote wanasoma PROD01.

Kilichotokea: tulikuwa na kopi ya FlashCopy ya PROD01 kwenye anwani 9A10, na kopi inakuja na lebo yake, jina lilelile. Wakati wa IPL sistimu ikakuta majina mawili ikauliza kwa IEA213A ni anwani ipi ibaki ofulaini. Opereta, saa kumi alfajiri, akajibu 8A10. Yaani akaiacha nje ile halisi na kuingiza kopi. Cha kuogopesha ni kwamba GRS haikuona tatizo lolote, maana kufuli linaenda kwa jina la volyumu na jina lilikuwa PROD01 pande zote, wakapishana kwa heshima kabisa huku kila mmoja anaandika diski yake.

RO *ALL,D U,VOL=PROD01

Linganisha anwani. Zikitofautiana, simamisha kazi upande wenye kopi kabla ya jambo lingine lolote, kisha mkae mtazame nini kiliandikwa huko tangu IPL, hiyo sehemu haina njia ya mkato. Kuzuia: kopi zote zibadilishwe jina zikiwa ofulaini kwa REFORMAT yenye VOLID, au anwani za kopi zisiwe kwenye konfigi ya sistimu ambazo hazizihitaji.

DALILI: laibrari imeharibika, programu inakufa bila mpangilio

Programu iliyokuwa inafanya kazi jana leo inakufa kwa S106 au S0C1, SYSA tu, SYSB inapita. Uliza nani amekompresi laibrari, yaani amebana nafasi zilizoachwa ndani yake. LLA ya SYSA inakumbuka kila memba iko kwenye traki gani, mtu akikompresi kutoka sistimu nyingine memba zinasogea, SYSA inaenda kwenye anwani ya zamani inaleta takataka na kuzitekeleza. RO *ALL,F LLA,REFRESH inaokoa hali, lakini laibrari za linklisti (zile sistimu inazotafutia programu) hazikompresiwi zikiwa zinatumika, mnatengeneza mpya.

Kama laibrari ni PDSE, aina mpya ya PDS, swali ni moja: kuna mtu anaiandika kutoka nje ya sispleksi? PDSE haivumilii hilo kabisa, haijalishi uwe mwangalifu vipi, hata PDSESHARING(EXTENDED) inafanya kazi ndani ya sispleksi peke yake. IEBPDSE itakwambia kama muundo umeshavunjika.

Na kama ni PDS ya kawaida, direktori imechanganyika, na watu wote wanaapa hawajafanya kitu, fungua HCD, panapoandikwa vifaa vya mashine, uangalie kifaa kimeandikwa SHARED ni Yes au No. Kikiwa No, sistimu inaamini diski ni yake peke yake na haitumi rizevu kabisa, hata programu ikiomba. Kosa la herufi chache, linaishi miaka.

DALILI: V OFFLINE haikubali

Umepiga V 8A10,OFFLINE ukapata IEE793I, inasubiri. Kuna mtu ameishika. RO *ALL,D U,,ALLOC,8A10,1 inakupa majina kwa kila sistimu. Ukikuta CATALOG, F CATALOG,VCLOSE(PROD01) inaifunga VVDS (daftari la katalogi la volyumu hiyo) na F CATALOG,UNALLOCATE( na jina la katalogi ) inaachia katalogi. Ukikuta LLA iondoe laibrari hiyo kwenye LLA. Ukikuta mtumiaji wa TSO mpigie simu, huwa yuko kwenye edit tangu asubuhi.

DALILI: haijaganda, ni nzito tu

RMF, kipimo cha utendaji cha z/OS, ripoti ya vifaa, usiangalie muda wa jumla, angalia umegawanyikaje. IOSQ ikiwa kubwa foleni iko ndani ya sistimu yako, aliasi za PAV (anwani za ziada za kupitishia I/O za volyumu moja) hazitoshi. DISC kubwa, kabati linatafuta data ambayo haipo kwenye kashe au linasubiri kopi ya tovuti ya pili ithibitishe. CONN kubwa, mnahamisha data nyingi tu. PEND ndo ya kuitilia shaka, hasa ukiona sehemu kubwa yake ni DB (device busy), kwa sababu hiyo ni diski inayosema nimeshikwa na mwingine. Chukua ripoti ya saa ileile kutoka sistimu nyingine zote uziweke pembeni. Mwezi uliopita nilikuwa na volyumu ambayo kila siku saa nane usiku PEND inapanda dakika ishirini halafu inashuka, sispleksi nzima haina jobu ya saa nane. Nikaenda kuangalia skedyula ya SYST. Ilikuwa moja ya zile volyumu mbili za kupitishia, na jamaa wa majaribio alikuwa ameipangia ile bekapu yake iende yenyewe.